Nilivyojifanya Mwenyeji wa Hatta

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ni swali moja: je, wakigundua sijawahi kufika Hatta? Aibu hii ni yangu, acha niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine. Madam mwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Dubai aliniuliza kama naufahamu ule mji mkongwe wa milimani, nami (mwenye shahada ya historia na kazi ya kukunja mashati dukani Al Barsha) nikajibu, "Sana, madam." Akanipa wageni sita wa majaribio, nikiwaridhisha, kazi ya kuongoza watalii ni yangu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Tulipita nyumba za makumbusho, kuta za mawe na udongo, ndani masanamu ya wazee waliokaa kando ya mabirika ya kahawa. Kisha tukafikia mlango mwingine uliokuwa wazi, na badala ya kumuuliza mlinzi kama nao ni wa makumbusho (si angejua mimi ni mgeni?), nikaingia kifua mbele. Viatu vya mlangoni nikasema vimewekwa makusudi kuonyesha desturi. Ndani, mzee mwenye kanzu nyeupe amekaa zuliani, hapepesi macho.

"Tazameni ufundi," nikasema, nikainama, nikamshika ndevu. "Hizi ni nywele za mbuzi."

"Zangu hizo, mwanangu," sanamu likajibu, kwa Kiswahili cha Unguja. "Taratibu."

Nikarudi kinyumenyume nikamkanyaga Neema, mgeni wetu wa Arusha, ambaye alikuwa hoi kwa kicheko. "Kaka, na huyo mbuzi yuko wapi?"

Kumbe mzee alikulia Zanzibar, nyumba ni yake, na alinyamaza kwa sababu moja tu. "Anayeingia ndiye hutoa salamu," akasema. "Nilikuwa naingoja." (Nani husalimia sanamu?)

Akatukaribisha kahawa na tende, akaanza kutuhadithia habari za mji, na wageni wakatulia kama ambavyo hawakutulia kwangu. Neema akaninong'oneza, "Mlipanga na mzee, eeh?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Uongo wenyewe ulikuwa tayari, mtamu, na ungeiokoa kazi. Mzee akanitazama, akasubiri.

"Hapana," nikasema. "Hata mimi ndiyo mara yangu ya kwanza hapa."

Nikatoka nje, nikampigia madam simu kabla hajapigiwa na mtu mwingine.

"Madam," nikasema, "Hatta nimeijua leo, saa nne asubuhi."