Orodha Iliyobaki Kwenye Kioo

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na miwili nimekaa baraza moja na mtu anayeamkia kompyuta. Si utani. Kila asubuhi Evode akifungua chumba chake, hatua mbili kutoka cherehani yangu, hubonyeza swichi nyekundu, husubiri mashine ikohoe, kisha huiuliza, "Umeamuka?" Mashine nayo humuuliza leo ni tarehe ngapi. Betri ya saa yake ilikufa zamani, na isipoambiwa inaamini tuko mwezi wa kwanza wa mwaka 1980. Siku moja Evode alisahau kuijibu, akamwandikia mwalimu barua ya kuomba uhamisho yenye tarehe ya kabla mwalimu mwenyewe hajazaliwa. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Baraza letu liko kwenye barabara inayokwenda Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waenda kwa miguu, na kazi haikosekani. Wanawake wa karoti na maziwa wanapita alfajiri kwenda Goma, alasiri wanarudi, na katikati hapo wako wanaotaka kupunguziwa gauni na wanaotaka kuandikiwa barua. Evode huandika kila kitu: maombi ya kazi, mikataba ya kupanga nyumba, matangazo ya harusi, malalamiko kwa mkuu wa mudugudu, yaani mtaa. Vijana wa saluni ya jirani wana simu zinazofanya hayo yote, na wanamcheka. Yeye hajali. Anasema kompyuta yake haina virusi, haina intaneti ya kumpotezea siku, na printa yake ya sindano inagonga kwa nguvu hata nakala tatu za kaboni zinatoka kwa mara moja. Hilo la kaboni ni kweli. Watu wa mizigo hawaendi kwingine.

Ni mtu mrefu, mkimya, mzaliwa wa Masisi aliyekuja huku na wazazi wake mwaka wa tisini na tano. Kompyuta aliinunua kwenye mnada wa shirika moja la wageni lililokuwa linafunga ofisi yake hapa mjini. Ilikuwa kuukuu hata wakati ule. Kibodi ina rangi ya meno ya mvuta sigara, kioo ni kizito, na herufi ni za kijani juu ya weusi.

Kioo hicho ndicho kilichonisumbua tangu mwanzo. Mashine ikiwa imezimwa, na jua likiingia ubavuni, unaona juu yake mistari. Haifutiki kwa kitambaa wala kwa spiriti, nimejaribu. Ukisogea karibu unaona safu, na juu ya safu maneno ya Kifaransa: jina, umri, mahali, maelezo. Evode alinieleza kwamba kioo cha namna ile kikiachwa miezi kikionyesha kitu kimoja, kile kitu huchomeka humo na hakitoki tena. Nikamuuliza ni kitu gani kilichoachwa miezi yote hiyo. Akasema ni orodha ya watoto.

Ile Januari ya 2002, Nyiragongo ilipotapika moto juu ya Goma, mji mzima ulivuka ukatuangukia sisi. Nilikuwa kijana. Nakumbuka barabara imejaa vichwa, magodoro, mbuzi, na nyuma yao mbingu nyekundu. Katika msongamano ule mikono iliachana. Shirika lile liliokota watoto, likawaandika ndani ya kompyuta hiihii, likabandika orodha kwenye ukuta wa uwanja wa kanisa. Walikuwa mia tano na kitu. Wengi walichukuliwa katika wiki chache, ofisi ikashika mambo mengine, na hakuna aliyekumbuka kuifuta orodha ndani ya mashine.

"Na wewe kwa nini huifuti?" nilimuuliza.

"Futa we," akasema, akanisogezea kiti.

Nilikaa. Nilisoma mistari mitatu tu. Mvulana, kama miaka miwili, kiatu kimoja, hasemi. Msichana wa miaka sita, anasema mama yuko nyuma anakuja. Mwingine anajua kuhesabu mpaka saba. Nikainuka nikarudi kwenye cherehani yangu. Evode alikiri kwamba yeye pia alisoma watatu akaacha, asirudie tena. Ila tangu siku ile, nikimsikia asubuhi akisema "Umeamuka?", nilikuwa nasoma aya zangu za Kurani kimoyomoyo. Sikujua anaamsha nani.

Sasa Nyiraneza. Huyu ni mama anayeuza matunda damu, anavuka na beseni lake kila siku, na ulimi wake hauna breki. Wakati wa moto alikuwa anaishi Goma. Alivuka akiwa na mtoto mchanga mgongoni na binti yake Gisubizo, miaka minne, amemshika mkono. Karibu na mpaka watu walisukumana, akaanguka, na alipoinuka mkono wake ulikuwa mtupu. Aliposikia habari za ukuta wa kanisa alikwenda, siku tatu mfululizo. Hajui kusoma. Alimwomba mwanafunzi mmoja amwangalizie Gisubizo, na mwanafunzi akaangalia juu mpaka chini, akasema hayupo, naye akarudi Goma kumtafuta huko wiki nyingi.

Alipopata habari kwamba Evode ndiye aliyenunua kompyuta yenye orodha, alikuja mbio hajatua hata beseni. Evode aliandika jina, programu ikatafuta kwenye safu yake ya kwanza, ikajibu kwamba hakuna. Tangu hapo kila Januari Nyiraneza anakuja kuandikiwa tangazo la kubandika karibu na mpaka: anatafutwa Gisubizo, ana alama ya kuungua uji kwenye kiwiko cha kushoto. Na kila Januari, tangazo likishatoka, anasimama palepale mlangoni.

"Papa Evode, uliza tena."

Evode anauliza tena. Hakuna.

Mwaka mmoja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Nyiraneza mashine si mtu, haibadilishi jibu. Aliniangalia kama anayeangalia chawa. "Fundi, shona," akasema. Nilistahili.

Mwezi wa tatu mwaka jana mashine ilianza kupiga kelele, kama kisu kinachokwaruza sahani. Evode aliizima haraka, akakaa ameikodolea macho.

"Diski inakufa," akasema. "Iko na siku moja, ao mbili."

"Si una nakala za barua zako?"

"Barua ziko. Bale batoto ndio hawana."

Akatoa boksi zima la karatasi zile za matundu pembeni. "Nitawachapisha wote," akasema. "Siwezi kuwaacha wafie mule."

Alianza asubuhi. Mvua ilikuwa imeufunga mji, ziwa halionekani, mteja hakuna, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama nyuma ya printa nikipokea karatasi na kuikunja. Kazi ya kijinga, lakini nilimwonea huruma. Printa iligonga, diski ikakwaruza, printa ikagonga. Majina yalikuwa yakitoka kwa mpangilio wa alfabeti na nilijitahidi kutosoma. Ni vigumu kutosoma kitu kinachopita mikononi mwako. Nilikuwa naona umri tu: mbili, tano, tatu, nne. Baada ya saa mbili nilianza kuhisi kuna watu wamesimama barazani nyuma yangu, wafupi, na sikugeuka. Mniite mjinga mkitaka. Sikugeuka.

Tulipofika kwenye N jicho langu likaanguka kwenye jina, na nikaona afadhali nitanie kuliko kuogopa.

"Evode, njoo umwone Nyiraneza wetu. Amekuwa mtoto wa miaka minne."

Hakucheka. Alikuja, akaishika karatasi bila kuikata, akasoma kwa sauti akigeuza Kifaransa kwa Kiswahili. "Nyiraneza. Mutoto mwanamuke, miaka ine. Alipatikana Petite Barrière, tarehe kumi na nane mwezi wa kwanza. Alama ya kuungua, kiwiko cha kushoto."

Printa ikaendelea kugonga. Sisi tulisimama.

Wageni, unajua, mtoto wao hubeba jina la ukoo, na safu ya kwanza ya orodha ilikuwa ya jina hilo. Hapa kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, la baba ni la baba na la mama ni la mama. Bila shaka karani alimuuliza yule binti jina la kwao, na mkalimani akauliza kama tunavyouliza sisi: wewe ni wa nani? Mtoto wa hapa ukimuuliza hivyo anakutajia mzazi. Alisema ni wa Nyiraneza. Wakaandika Nyiraneza, wakafunga. Mama yake alisimama siku tatu mbele ya ule ukuta, jina lake mwenyewe likiwa limeandikwa pale, naye akimwomba mwanafunzi aangalie jina lingine.

Na Evode, kwa Januari zote kumi na mbili, aliandika Gisubizo. Ni mtu wa hapa, angewazaje vingine? Mimi ndiye ningeweza kuwaza. Sisi Waislamu wa mjini tunabeba majina ya baba zetu, naitwa Hamdani Dauda tangu nizaliwe, na nilikuwa nimekaa hapo hatua mbili nikicheka. Hilo linaniuma mpaka leo.

"Maliza," nilimwambia. "Kuna maneno zaidi."

Alikuwa ameshayaona. Aliyasoma polepole. "Amerudishwa kwa mama yake, tarehe kumi na moja mwezi wa pili. Mutoto alilia."

"Mama yake yupi?"

"Mama yake alikuwa Goma anamutafuta," Evode akasema.

Tulitafuta jina la huyo aliyemchukua, juu, chini, pembeni. Orodha haikuwa na nafasi ya jina hilo. Mwanamke fulani alikuja uwanjani, akasema mimi ni mama, na aliyeandika akaona machozi ya mtoto akayaona ni ya furaha.

Wakati ule diski ikatoa mlio mrefu na printa ikasimama katikati ya jina. Kioo kikazimika, na mistari ikabaki juu yake. Evode hakuishughulikia.

Nilimwambia tusimwambie. Niliongea sana, najua. Nikasema huyu mama amezoea msiba wake, tukimpa hii tunampa mwizi asiye na sura, atamwangalia kila mwanamke wa rika lake sokoni mpaka akili imruke. Evode alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Ni yake," akasema, akaikata karatasi kwa rula.

Nyiraneza alirudi kutoka Goma alasiri, kanga imelowa, akaanza kutupigia kelele za mvua tangu ng'ambo ya barabara. Evode alimwomba akae. Aliposikia neno "kaa" akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Evode alimsomea mstari mzima kama ulivyo, kisha akamweleza habari ya safu ya kwanza, na kwamba kosa la miaka hii yote ni lake. Alikuwa analia. Nyiraneza hakulia.

"Soma tena pale pa mwisho."

"Mutoto alilia."

"Eeh." Akakamua pindo la kanga. "Donc ile siku wakamutoa, kwa papier, ile karatasi ya kumutoa, waliandika jina gani?"

"Hii hii. Nyiraneza."

"Na ile mama aliyemubeba, alimuitaka nani?"

Nikamjibu mimi, kwa sababu lilikuwa wazi: angemwita kama karatasi ilivyosema, kama kliniki na shule wangemwita. Binti huyo, kama yuko hai, ana miaka ishirini na sita, na hakuna mtu duniani anayemwita Gisubizo. Pengine mwenyewe hakumbuki kwamba aliwahi kuwa Gisubizo. Pengine amepita pale mpakani, akasoma tangazo, akamwonea huruma mama wa watu, akaenda zake.

Nyiraneza alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu akasogeza kiti chake karibu na meza.

"Papa Evode, andika ingine."

"Mashine imekufa, mama."

"Si uko na mukono?"

Evode alichukua kalamu. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiandika tangazo kwa mkono, na mwandiko wake ulikuwa wa mtoto wa shule, mkubwa.

"Andika: anatafutwa Nyiraneza. Miaka makumi mbili na sita. Alama ya kuungua, kiwiko cha kushoto."

"Na mwenye kumutafuta?"

"Nyiraneza."

Asubuhi iliyofuata tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa karibu na Petite Barrière, na mimi nilikwenda naye kushika gundi. Wanawake wa karoti waliokuwa kwenye foleni, wale wanaojua kusoma, walilisoma, wakamgeukia kwa vicheko.

"Nyiraneza, kumbe ulipoteaka?"

Alijitwika beseni lake kabla ya kuwajibu.

"Eeh," akasema. "Tangu niko na miaka ine."