Matundu Madogo au Mkato Mrefu

Fundi wa makoti hakuweza tena kumeza hata uji mzito, lakini kilichomkaba zaidi wiki ile ni ushauri. Saratani ilikuwa imeota kwenye umio, ile njia ya chakula, na daktari mpasuaji alitaka umio utolewe, tumbo livutwe juu lishike nafasi yake. Njia zilikuwa mbili: kufungua kifua na tumbo kwa mikato mirefu, au kupitisha kamera na vyombo kwenye matundu madogo. Achague.

"Matundu, kaka," dada yake alijibu kabla hajaulizwa. "Kufumba na kufumbua uko kazini."

"Matundu ni ya panya!" shemeji, mume wa dada huyo, akadakia. "Saratani inatolewa kwa kuchungulia? Afungue, aone!"

"Wewe ulitumbuliwa jipu ukazimia," dada akamrudi.

Kila mwamba ngozi alivutia kwake, na ngozi yenyewe ni yeye. Fundi alisonya. Miaka thelathini amegeuza makoti, ndani kuwa nje, kupitia mwanya wa bitana usiozidi ngumi, mteja asijue pameshonwa wapi; na ameona mafundi wazima wakichana bitana kwenye mwanya huohuo. Mbona hakuna aliyeuliza la maana?

Jumatatu, wote watatu mbele ya daktari, aliuliza mwenyewe. "Kwa matundu umeshapasua wangapi?"

"Kaka jamani!" Dada akamfinya. "Unamhoji daktari?"

"Nikihojiwa mimi kwa suruali, yeye asihojiwe kwa kifua changu?"

Mpasuaji hakukasirika. Matundu hupunguza maumivu, alisema, na mapafu huwahi kupata nafuu. Ila kazi huchukua saa nyingi zaidi, na mkono hutaka mazoea. "Kwa kufungua, nimezidi mia. Kwa matundu, tisa. Kwa mmoja nilikwama katikati, ikabidi nimfungue."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi mimi nifungue tangu mwanzo."

"Si nilisema!" shemeji akapiga paja.

"Ulisema panya."

"Utaumia," daktari akaonya. "Kukohoa tu kutakutoa machozi, na usipokohoa kifua kitajaa makohozi."

"Nitakohoa. Kalamu iko wapi?"

Akatia saini. Dada alikuwa amenuna, akitazama ukuta. Shemeji yeye alishasimama, kidole kifuani mwake mwenyewe, anamwonyesha daktari pa kuanzia kukata.

"Daktari," fundi akasema, "mtoe huyu nje kabla hajaomba kisu."