Geji ya Oili Iliyofungwa na Fundi Bomba

Tarehe 3 Juni 2019, kwa mujibu wa daftari la safari la zahanati, injini ya gari la chanjo ilikufa mlimani baada ya kuvuja oili. Dereva wake, mama wa watoto wanne, alimalizia kilomita kumi na moja kwa miguu, dawa kichwani. Tangu hapo haiamini taa nyekundu ya oili. "Ile haionyi," anasema, "inatoa rambirambi."

Jumamosi iliyopita alimpa shemeji yake, fundi bomba aliyehamia kwenye magari, kazi ya kufunga geji ya presha ya oili kwenye injini mpya. Shemeji akakaza kihisio ubavuni mwa injini, akavuta waya hadi kwenye dashibodi, akawasha. Mshale ukabaki kwenye sifuri.

Akazima mbio. "Shemeji, imekufa tena. Tuishushe injini."

Kuishusha kulimaanisha hakuna safari ya chanjo Jumatatu.

"Shusha presha yako kwanza," dereva akajibu. "Oili imejaa, na injini haigongi popote. Fungua hicho kidude chako."

Kilipotoka, hesi zake, zile nyuzi za kukazia, zilikuwa zimezungushiwa utepe mweupe wa mabomba mara nane. Hapo maji yasingepita. Umeme nao haukupita, maana ili upite kihisio lazima kiguse chuma cha injini, na utepe ulikuwa katikati.

"Nimezoea vyoo," fundi akajitetea.

Wakabandua utepe, wakafunga upya, na mshale ukapanda hadi katikati. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi gari linapanda mlima, na fundi ameamriwa kuwemo.