Chumba Tulichomtunzia Mzungu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie ushujaa huko mbele. Siku za kazi nafundisha Kifaransa hapa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, na Jumamosi, wageni wakipatikana, nawatembeza saa mbili hivi kwenye majengo yaliyoachwa na Wabelgiji: ghala la forodha bandarini, nyumba ya daktari, makaburi yenye misalaba ya chuma, kisha soko la mawese, ambako ziara huisha kwa sababu jua limeshawachosha. Jengo moja siwaonyeshi. Ni nyumba ya mama.

Aliijenga Mbelgiji aliyekuwa akinunua mawese. Babu, baba yake mama, alikuwa mpishi wake. Siku Mbelgiji alipoondoka, mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni, alimwachia babu ufunguo wa chumba cha mbele, akamwambia amtunzie mpaka atakaporudi. Hakurudi. Babu alitunza mpaka akafa, na mama akapokea. Sisi tumezaliwa na kukulia katika vyumba vitatu vya nyuma. Chumba cha mbele hakijalaliwa na mtu hata mara moja, hata mwaka ule dada yangu alipokuja na watoto wanne tukabanana chini kama ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa. Kitanda kimo, chandarua kimo, na kila Ijumaa mama hufungua, hufagia, hufuta vumbi, hufunga. Karatasi ya nyumba hatuna. Tulikuwa na ufunguo tu.

Tangu ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za chini, watu wa komine, halmashauri yetu, wamekuwa wakipita mitaani kuandika: hii ya mtu, hii ya Leta, yaani serikali. Ukikosa karatasi unachorewa msalaba mwekundu ukutani, nawe unaanza kufunga virago. Nimeuona msalaba huo kwa majirani. Nilimwambia mama, wakija sema ni yetu. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ale nguruwe.

"Amana ya mutu inageuka yako siku gani?" akaniuliza. Nikanuna.

Jumamosi ninayoikumbuka walikuja masista watatu wa Kifilipino wanaofundisha Bujumbura. Walikuwa wamesimama Gitaza njiani kununua ndagala wakavu, na mikoba yao ilinukia vizuri kuliko kanisa lolote. Komine ilitoa ruhusa kwa sharti moja: wakala wake afuatane nasi. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi, daftari kubwa kwapani. Nilipoliona daftari lile nilitaka kwenda msalani.

Tulianzia kwenye ghala la forodha. Maji yalikuwa yamefika kizingitini, kwa hiyo tulilitazama kwa mbali. Sista mkubwa wao, mfupi, mwenye kicheko cha sokoni, alituambia kwa Kifaransa kwamba kwao nako Wahispania waliacha mji mzima wa mawe. Nyumba ya bibi yake ilikuwa mle. Madirisha yake hayakuwa na vioo bali maganda ya chaza yaliyosuguliwa mpaka mwanga ukapenya. Makundi ya watalii yalisimama mlangoni mpaka serikali ikaja kubandika kibao cha urithi.

"Bibi alifurahi?" nikauliza.

"Alifurahi sana! Alipika siku nzima. Halafu wakamwambia asipigilie hata msumari bila kibali. Paa likavuja. Sasa yuko kwa mjomba wangu, na nyumba yake ile watu wanaiingia kwa tiketi."

Alicheka. Mimi sikuweza. Wakala alitikisa kichwa polepole. "Ni vizuri," akasema. "Leta yao inajua kutunza."

Baada ya makaburi, njia yangu ya siku zote, ile ya nyuma ya msikiti, tuliikuta imejaa maji. Niliwaambia basi tuishie hapo, jua ni kali. Wakala akasema hapana, soko halijaonekana, akanyoosha kidole kwenye uchochoro wa kwetu. "Tupite huku, maîtresse," akaniita, kama wanafunzi wamwitavyo mwalimu wao.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitangulia mbio mbio nikiwaonyesha kila kilichokuwa upande wa kushoto. Niliwaonyesha mpapai. Niliwaonyesha mbuzi, nikaeleza na maisha ya mbuzi. Nyumba ya mama ilikuwa kulia, na baraza lake lenye nguzo halifichiki. Niliomba Mungu mama awe jikoni.

Lakini ilikuwa saa sita inakaribia, na kwetu mtu hapiti mlangoni wakati wa chakula bila kuitwa, hata kama ni adui.

"Karibuni! Karibuni wageni, mwingie!" Mama aliita kutoka barazani, kisha akaniona mimi. "Na weye mwanangu, unabapeleka wapi watu na hili jua?"

Masista walikuwa wameshageuka. Wakala naye aligeuka. Alizitazama nguzo, bawaba, dari, halafu akanitazama mimi, na nikajua amejua kwa nini mbuzi alipata maelezo marefu vile.

Mama alitandika mikeka, akaleta maji ya kunawa, ugali, ndagala waliokaangwa kwa mawese. Wakala alinawa lakini hakugusa chakula. "Murakoze, Mama," akashukuru. "Ila hii nyumba iko ya nani?"

Nilimkata kauli. Nilisema ni ya familia, ya zamani sana, babu alikuwa...

"Iko ya muzungu," mama akasema. "Sisi tunamulindia."

"Mama ana maana kwamba..."

"Sina maana ingine. Mwache bwana ale, halafu nitamuonyesha."

Hakusubiri hata ale. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge, akatoa ufunguo, akafungua chumba cha mbele. Mimi nilitazama nikiwa mkekani. Kitanda cha chuma, shuka jeupe lililokunjwa, chandarua kilichotiwa viraka na nyanya yangu na kisha na mama, kikombe kimoja kimefunikwa sahani. Sista mkubwa alivua viatu bila kuambiwa. Safari hii hakucheka.

Wakala alibaki kizingitini. Alikohoa. "Mama, vitu vya wazungu waliokwenda, vile havina mwenyewe, vilirudia kwa Leta."

Nilidhani mama ataanguka. Nilijiona nimebeba magodoro, nikamwona yeye ameketi juu ya sufuria zake kando ya barabara, kama majirani. Nilimchukia wakala, nikawachukia masista na mikoba yao, nikajichukia mimi zaidi.

"Basi ni weye walituma?" mama akamuuliza.

"Tuseme ni hivyo, Mama."

Mama aliuweka ufunguo kiganjani mwa wakala kwa mikono miwili. Alikuwa anatabasamu. "Tumekungojea sana. Baba alikufa anakungojea. Angalia vitu vyote, viko. Kikombe kilikuwa na mukono, ukavunjika mimi mutoto, utatusamehe."

Yule bwana aliushika ufunguo kama mtu aliyepewa kaa la moto. Nadhani naye aliogopa. Alisema yeye kazi yake ni kuandika tu, lakini mama hakutaka kusikia kwamba ufunguo unarudi. Alitaka kitu kimoja: aandikiwe kwamba amana imefika. Wakala akachana ukurasa wa daftari, akaandika juu ya goti, akapiga muhuri aliokuwa nao mfukoni. Mama hasomi. Nilimsomea: nimepokea ufunguo wa chumba cha mbele kutoka kwa mama huyu, na hapo jina lake kamili, mlinzi wa nyumba hii, anayeishi humo. Kisha wakala akafunga chumba, akatia ufunguo mfukoni mwa shati, akaketi, na sasa akala.

Sokoni hatukufika. Masista waliondoka wakimkumbatia mama, na mimi nikaosha vyombo.

Mama alipumzika vizuri wiki hiyo. Alisema ametua mzigo. Mimi kila pikipiki iliposimama nje nilichungulia nione kama kuna mtu na kopo la rangi. Karatasi ile nimeisoma mpaka kingo zimelegea. Ni ya kwanza kabisa kuingia kwetu yenye jina la mama na neno "anayeishi". Asubuhi naona inatulinda. Jioni naona ndiyo itakayoonyeshwa siku ya kututoa, kwa kuwa tumekiri wenyewe. Nilimwambia mama hivyo, akasema, "Weye unaogopa hata kivuli cha kuku."

Ijumaa mchana nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amesimama mbele ya chumba cha mbele, ufagio mkononi, ndoo ya maji miguuni. Alikuwa anasukuma mlango kwa bega, polepole, kama mtu anayejua haufunguki. Aliponisikia aligeuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona woga usoni mwa mama.

"Kama wakija leo wakute vumbi?" akasema. "Watasema hatukutunza."

Nilimwambia mlango si wetu tena kuufungua. Akauangalia ufagio.

"Nenda komine, mwanangu. Mwambie yule bwana anipe ufunguo nifagie tu. Nitamurudishia kabla ya alasiri."

Miaka yote nilikuwa nikizunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya ofisi ile. Nilikunja karatasi, nikaitia kifuani, nikavaa viatu.