Kisima Kilipopata Mashine

Juzi jirani yangu hapa Galbet, Garissa, aliwasha mashine ya maji nyuma ya nyumba yake. Harufu ya petroli ikachanganyika na ya mchanga uliolowa, ikaniingia puani hadi kisogoni. Nikaziacha anjera zikiungua jikoni, nikatoka mbio. Watoto wa mtaa wanarukaruka, jirani anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana, na mimi, mama mzima mwenye wajukuu, nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, machozi yananitoka. Wakaniuliza kulikoni. Nikasema ni moshi. Wewe rafiki yangu sikufichi: haukuwa moshi.

Turudi miaka ya tisini, nje kidogo ya Wajir. Nilikuwa msichana mwenye mapengo na miguu myembamba kama ya korongo. Kisima chetu kilikuwa na kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani, ingawa wanangu huwa nawaambia ukitupa jiwe asubuhi, utasikia limefika baada ya chakula cha mchana. Babu ndiye aliyekichimba, na babu amezikwa pale karibu, chini ya rundo la mawe. Ayeyo, yaani nyanya yangu, alikwisha kuonyesha mahali pake, ubavuni mwa yale mawe. "Mimi kwa kaburi nitaenda kwa miguu," alikuwa akisema, "sitaki gari."

Na maji yake! Chai ya ayeyo haikuhitaji sukari. Haya, sukari aliweka, tena ya kusimamisha kijiko, Wasomali na sukari unatujua. Lakini utamu wenyewe ulianzia kwenye maji.

Kisima kilikuwa chetu na cha majirani zetu Waborana, na mzee wao mmoja ndiye aliyepanga zamu. Alikuwa mwembamba kuliko fimbo yake, lakini fimbo ile ikinyooshwa hata fahali alirudi nyuma. Alfajiri ni kina mama na mitungi, kisha mbuzi, kisha ng'ombe, ngamia mwisho kwa kuwa ngamia ana subira kuliko sheikh. Msafiri hakupanga foleni, alikunywa kwanza. Kazi yangu ilikuwa kukanda udongo na kuziba nyufa za hori, kwa hiyo nilinuka tope na mbuzi mwaka mzima. Wanaume walivuta maji kwa ndoo iliyokatwa kwenye mpira wa tairi la lori, wakiimba, na wimbo ukianza kudorora ulijua mikono imekwisha. Adhuhuri ilipofika walijilaza kivulini, kamba ikalala, kisima nacho kikalala. Nikitaka kuchota saa hizo ayeyo alinivuta sikio. "Acha maji yapande. Kisima ni mama anayenyonyesha. Ukimkamua bila kumpa nafasi, utatoa damu."

Ndipo ukaja ukame. Jua lilikuwa kali, walahi, hata mijusi walitembea kwa ncha za vidole. Mjomba wangu, mwanawe ayeyo, alikuwa dereva wa lori la kwenda Modogashe. Siku moja akaja na mashine ya kuvuta maji, ameifunga mgongoni mwa lori kwa blanketi kama mgonjwa. Akaishusha mbele ya mama yake, anang'aa kama bwana harusi.

"Hooyo, mikono ya watu itapumzika sasa."

Ayeyo akaizunguka. "Inakula nini?"

"Petroli."

"Na inalala saa ngapi?"

Wanaume wakaangua kicheko. "Mashine hailali, hooyo! Hiyo ndiyo raha yake."

"Basi usiiachie kisima," akasema, akaingia ndani.

Lakini nani angemsikiliza siku ile? Maji yalitoka kwa kishindo, yakajaza hori kabla mbuzi hawajamaliza kulia. Nilioga mchana kweupe, mara ya kwanza maishani mwangu kuoga bila kuhesabiwa vikombe. Mbuzi wetu walinenepa kwa wiki moja mpaka wakashindwa kupita mlangoni. Nimeongeza kidogo, lakini kidogo tu.

Habari ya mashine ikatembea kuliko upepo. Wafugaji wakaja kutoka kila upande, wengine wakisema wametoka Banissa, vumbi lao likiziba jua. Mchana mmoja, saa ya kisima kulala, alifika mwanamume mwenye ngamia ambao ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa mbali. Mzee wa zamu akamwambia kwa upole, "Pumzika, walaal, ndugu yangu. Zamu yako jioni. Kisima kimechoka."

Yule mtu akamtazama, akaitazama mashine. "Kisima imechoka? Hii mashine pia imechoka? Mzee, kama unaninyima maji ya Mungu, sema tu wazi, wanaume wasikie."

Kwetu, rafiki yangu, mtu anaweza kusamehewa wizi, hata kumwaga damu huzungumzwa kukaisha kwa fidia ya ngamia. Kumnyima mtu maji ni aibu ambayo wajukuu wako wataoa nayo na kuzikwa nayo. Mzee aliiangalia fimbo yake kama haijui. Akamgeukia mjomba.

"Washa."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeambiwa ngoja. Zamani sheria ile ya kutomnyima mtu haikuwa na hatari, kwa sababu mkono ulichoka, na mkono ndio uliosema hapana kwa niaba yetu, bila aibu ya mtu yeyote. Sasa mkono haukuwepo. Ulibaki ukarimu wetu na petroli.

Asubuhi moja ayeyo akaonja chai, akaitema. "Nani ametia chumvi?" Nilishukiwa mimi, usiulize kwa nini, mimi ndiye niliyeshukiwa kwa kila jambo kuanzia kufa kwa kuku. Akapika nyingine mwenyewe. Akaonja. Akaiweka sufuria chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, na hakunishika sikio.

Ngamia walifurahi sana, ngamia na chumvi ni ndugu. Sisi tuliharisha, na mitungi ikaota ukoko mweupe. Mjomba akaizima mashine siku hiyo hiyo, bila kuambiwa. Lakini wageni walikuwa wameiona na kuipenda, na visima vya jirani vilikwisha kupata za kwao, zikinguruma usiku na mchana. Juu tulikuwa na mipaka, yangu na yako. Chini ya ardhi hakuna boma. Hata mvua kubwa za Elnino zilipokuja, kisima kikafurika mpaka mdomoni, maji yakawa matamu siku chache, kisha chumvi ikapanda tena.

Ayeyo alionja kila asubuhi. "Kesho," alikuwa akisema. Alisema kesho mpaka akakonda. Mwisho mjomba akaleta lori, akambeba mama yake mikononi akampandisha mbele, wote wawili hawatazamani. Tulihamia Garissa. Amezikwa huku, katikati ya watu asiowajua, na alipelekwa kwa gari.

Miaka mingi baadaye, nimeshazaa, nilijiunga na ngumbaru, nikafuzu, na cheti ninacho ukutani kimepigwa fremu kubwa kuliko dirisha. Mwalimu alituchorea ubaoni: kule kwetu maji ya mvua hulala juu ya maji ya chumvi kama malai juu ya maziwa. Ukichota taratibu unapata malai. Ukivuta kwa pupa, unayapandisha ya chini. Wenzangu waliandika. Mimi niliangalia chaki.

Nimetafuta wa kumchukia, rafiki yangu, na sijampata. Mjomba alimpenda mama yake. Yule mgeni alikuwa na ngamia wanaokufa. Mzee wa zamu hakutaka tuitwe watu wa kunyima. Nimesikia kisima kipo hadi leo, kimejaa, hakinyweki. Tulihitaji mchoyo mmoja tu pale kisimani, mmoja, na Mungu alikuwa ametujalia wakarimu watupu.