Msomaji Asiyeweka Kidole

Piedade alikuwa amekufa mara nyingi kuliko mke mwingine yeyote pale Markham, kando ya Toronto, na kila mara aliyemuua alikuwa mumewe. Alishamezwa na nyoka, alishatumbukia shimoni, alishanyweshwa sumu na mfalme aliyejifanya mkarimu, na mara moja alikanyagwa na farasi wa mtu aliyekuwa anakuja kumwokoa. Akishakufa alifunga kitabu, akachemsha chai, akamwita Alban aje asikilize makosa yake.

Alban Mascarenhas alikuwa mwandishi wa vitabu vya mchezo. Kama hujawahi kukishika kimoja, mambo yake ni hivi: shujaa wa hadithi ni wewe msomaji. Hadithi imekatwakatwa vifungu vyenye namba, vikavurugwa makusudi, na mwisho wa kila kifungu unaulizwa utafanya nini. Ukitaka kufungua mlango, nenda kifungu cha mia na kumi. Ukitaka kutimua mbio, nenda cha thelathini. Ukikutana na zimwi unarusha dadu. Njia nyingi zinaishia kaburini, moja tu inafika kwenye ushindi, na mwandishi anayeijua kazi yake hana huruma.

Alizaliwa Pangani ya Nairobi, mtoto wa karani wa reli, Mgoa wa kwenda misa kila asubuhi. Wazazi walihamia Uingereza naye akiwa kijana mdogo, wakatua Leicester, na alipomaliza shule akaingia kiwanda cha soksi. Huko ndiko alikoanza kuchora mapango na majoka wakati wa mapumziko, huku wenzake wakivuta sigara nje. Miaka ya themanini vitabu vya namna ile vilikuwa vimewapagawisha watoto wa Kiingereza, na mchapishaji mmoja wa London akamchukua. Ila jina la Mascarenhas, akaambiwa, halikai vizuri juu ya picha ya joka. Basi jaladani akawa A. M. Thorne, mzee ambaye watoto walimwazia ndevu nyeupe hadi kifuani, na Alban, ambaye ndevu zenyewe hazimwoti sawasawa, akawa anamjibia barua zake. Mwanzoni jambo hilo lilimchekesha. Baadaye likaacha kumchekesha, lakini kiwanda cha soksi kilikuwa bado kipo pale pale, na hakuwa na hamu ya kurudi.

Watoto walipovichoka vitabu, akahamia michezo ya kompyuta. Kampuni moja ya Toronto ikamwita aje awaandikie, akaja na mkewe na binti yao Gail. Kampuni ile ikafungwa, akaenda nyingine, nayo ikanunuliwa, hadi siku moja akajikuta kikaoni na vijana wanaomfundisha maana ya neno hadithi. Alistaafu mwezi uleule, na hakuna aliyemsikia akilalamika zaidi ya miaka miwili.

Piedade naye alitoka Tanga. Walikutana kwenye dansi la parokia, Leicester, wakagombana usiku huohuo kwa Kiswahili, na hawakubadilisha lugha tena. Kikonkani cha Alban, lugha ya Wagoa, kilitosha kuombea chumvi mezani tu, na Kiingereza wote wawili walikiona kimepoa mno kwa ugomvi. Gail alikua akiwasikia, akawaelewa kila neno, na akawajibu kwa Kiingereza mpaka leo.

Sasa, ngoja nikwambie siri ambayo si siri. Kila msomaji wa vitabu vya mchezo ni mwizi. Awe mtoto wa shule, awe profesa, kabla ya kwenda kifungu kingine huchomeka kidole kwenye ukurasa anaotoka, ili akiona anakufa arudi nyuma, ajifanye hakuchagua vile. Alban alilijua hilo na alilisamehe, maana hata yeye akisoma vya wenzake vidole vyake vyote vilikuwa kazini.

Piedade peke yake hakuweka kidole. Akichagua, amechagua. Akifa, amekufa, na kesho anaanza upya kifungu cha kwanza kana kwamba hajawahi kupita njia ile. Alijaribu kila kitabu cha mumewe kabla hakijaenda kwa mchapishaji, huku akisema wazi kwamba mambo ya mazimwi hayamwingii akilini hata kidogo. Lakini uaminifu wake ulikuwa dhahabu. Jumapili moja alimwita Alban kwa ukali: "Nimezunguka kwenye ghala lako tangu tulipotoka kanisani. Mlango unanipeleka ngazini, ngazi inanirudisha mlangoni. Umesahau kuniwekea pa kutokea, bwana wewe, na wali umeungua." Ilikuwa kweli. Kitabu kile kingetoka hivyo, maelfu ya watoto wangekuwa ghalani hadi leo. Siku nyingine alimuuliza mashujaa wake wanakula nini, maana wanatembea msituni wiki nzima na hakuna anayetafuna hata kiazi.

Na kwa sababu hiyohiyo ya kutokuweka kidole, Piedade hakuwahi kushinda. Vitabu vyote vile, hata kimoja hakushinda. Alban hakulitilia maanani mpaka macho ya mkewe yalipoanza kwisha.

Ugonjwa ulianzia katikati. Pembeni Piedade aliona vizuri, lakini akimtazama mtu aliona masikio bila pua, na akitazama ukurasa, neno alilolitaka ndilo lililofifia. Daktari alisema hatakuwa kipofu wa gizani, ila kusoma kumekwisha. Piedade alilipokea hilo kwa kukoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Alban alitoka nje kuzoa theluji mlangoni, theluji ambayo Gail alikuwa ameshaizoa asubuhi.

Ndipo lilipomwingia wazo, na lilipomwingia halikumwacha. Angeandika kimoja cha mwisho, kwa Kiswahili, si cha A. M. Thorne bali chake, na Piedade angeshinda. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha kazi. Akaandika majira yote ya baridi, na safari hii akaweka chakula: mikate ya kumimina sokoni, samaki wa kupaka nyumbani kwa mchawi. Piedade aliposikia kinachoendelea alimwambia sentensi moja tu. "Na usinipendelee, Alban, nitajua."

Kwa hiyo hakupunguza makali. Akakipeleka kwanza kwa Générose, mwenzao wa kwaya aliyetoka Uvira, Kongo, mama wa vicheko anayetunza wazee katika nyumba moja ya kulelea. Wiki haikupita akapiga simu. "Papa Alban, nimeshinda! Sikukufa hata kidogo!"

"Hata mara moja?"

"Kufa nilikufa, lakini nilikuwa naweka vidole ku ma-page yote. Haiko mubaya, si ndiyo?"

"Haiko mbaya, mama," akasema Alban, na moyoni akaona jinsi mke wake alivyo mtu wa peke yake duniani.

Wakaanza Jumamosi moja, mezani jikoni, baada ya chai. Sasa Alban ndiye aliyesoma, Piedade akasikiliza, akachagua, akarusha dadu, na Alban akamwambia imetoka ngapi. Ilikuwa kazi mpya kwa wote wawili. Maisha yao yote Alban alikuwa akimwona mkewe kwa mbali tu akisoma, amekunja uso. Sasa alikaa naye ndani ya hadithi, akaona anavyofikiri. Mlangoni pa mchawi Piedade alikataa kuingia mpaka aambiwe samaki amepikwa lini. Sokoni alimhurumia mwizi na akapata rafiki. Walicheza Jumamosi hii wakaacha, wakaendelea Jumamosi ijayo, na mambo yakawa yanamnyookea mama. Alimshinda mbweha. Mto aliuvuka. Gail akipita kuwaletea mboga aliuliza, "Is she still alive?" na baba yake akamjibu kwa kunong'ona kama mtu aliye hospitali, "Bado, bado."

Walipofika kwenye daraja la mwisho, Alban alikuwa roho juu. Ng'ambo ya daraja palikuwa na ushindi, kifungu alichokiandika kwa upendo wake wote na kukirekebisha mara nyingi hata akakijua kwa moyo. Kilichobaki ni dadu moja. Ikitoka nne au zaidi, unavuka. Ikitoka chini ya hapo, kamba zinakatika.

Piedade aliishika dadu kiganjani, akaitikisa, akairusha. Ikagonga sahani ya biskuti, ikatulia mbele yake. Aliifunika kwa mkono kidogo, kama anayeizuia isianguke, kisha akauondoa mkono.

"Ngapi?"

Alban aliangalia. Ilikuwa mbili.

"Tano," akasema.

Alilisema vizuri, bila kutetemeka. Akafungua ukurasa wa ushindi, akakohoa, akaanza: "Mbao za daraja zinalia chini ya miguu yako, lakini zinakubeba..."

"Alban."

"Sikiliza, mama, umevuka."

"Alban. Soma kilichoandikwa."

Dadu ile ilikuwa ya zamani, ya mfupa, na nukta zake zilikuwa vishimo. Mtu aliyeishika maisha yake yote hahitaji macho kuisoma; kidole kimoja kinatosha.

Alban aliweka kitabu chini. Aliona aibu kama mtoto aliyekamatwa na kopo la sukari, na nyuma ya aibu akasikia hasira, maana alikuwa amelitaka jambo lile sana. "Nilitaka ushinde," akasema. "Mara moja tu. Ni dhambi gani hiyo? Aliyekuwa akifa ni wewe, aliyekuua ni mimi, nami nimechoka kukuua."

Piedade hakupandisha sauti. "Miaka yote ile ulikuwa umejifungia chumbani unaandika kingine. Nilikuwa jikoni peke yangu na kitabu chako. Ningeweka kidole, nani angeniona?"

"Hakuna."

"Nilitaka mno kushinda, nikwambie. Kile cha mnara, nililia. Lakini ulikuwa unaniuliza, Piedade, imekuwaje, nawe unaamini nitakalosema. Sikuweza kukudanganya." Akaisukuma dadu kwa ukucha. "Sasa macho yangu ni wewe. Nikikuuliza basi lililokuja ni letu au si letu, nitakuamini. Nikikuuliza Gail amecheka au amenuna, nitakuamini. Nikikuuliza daktari ameandika nini, vilevile. Ukinihurumia kwenye dadu, bwana wewe, hayo mengine nitayajuaje?"

 Alban alikuwa amewaza juu ya macho ya mkewe usiku na mchana, na hata mara moja hakuliona jambo hili, kwamba aliyebaki na ukurasa mkononi ni yeye. Uzito wake ulimwingia wote kwa pamoja, akamwogopa mke wake kidogo, na akampenda kuliko siku ya dansi.

Akakichukua kitabu. Akatafuta kifungu cha kamba zinazokatika, akasoma. Alipunguza mwendo mahali ambapo shujaa anatazama juu na kuona ng'ambo, karibu kabisa, taa zilizowashwa kwa ajili yake. Akasoma mpaka nukta ya mwisho bila kuruka neno.  Nje gari la kuondoa theluji lilipita likikwaruza mtaa.

"Hicho kimeandikwa vizuri," Piedade akasema mwishowe. "Zile taa. Umeniua vizuri." Akajifuta macho, naye Alban akajifuta yake, wala hakuna aliyejificha.

Kisha Piedade akajinyoosha kitini, akalivuta sweta lake kwa mbele, lile la buluu analolipenda. "Haya. Niambie. Hili sweta ni safi?"

Alban alilitazama sweta. 

"Lina doa," akasema. "Kifuani. La mchuzi."

"Kubwa?"

"Kama kiganja."

"La leo?"

Angeweza kusema ni la leo. Lilikuwa neno fupi, na lingewaacha wote wawili na amani.

"La wiki iliyopita. Ulikuwa nalo kanisani. Uliniuliza mlangoni, nikakwambia umependeza."

"Nikapanda mbele kupokea komunyo na doa la mchuzi?"

"Ulipanda."

"Générose aliliona?"

"Parokia nzima iliona, mama."

Piedade alimkazia macho yale yasiyoona pua, muda mrefu, hata Alban akaanza kujiandaa. Kisha akalivua sweta palepale mezani, akamtupia usoni, akabaki na blauzi yake na nywele zimesimama. Akapapasa hadi akaipata dadu.

"Liloweke kwanza," akasema. "Halafu uje unisomee kifungu cha kwanza."