Sangari Haikatwi

Atupele hapalilii kama watu wengine. Jembe analitumia kulegeza udongo tu. Baada ya hapo anapiga magoti, anazamisha vidole hadi kwenye viganja na kuufuata mzizi wa sangari polepole mpaka uishie, hata kama umejipenyeza chini ya mgomba wa jirani. Sangari ni jani korofi. Ukikata mzizi wake vipande vitatu, umepanda sangari tatu, na kwa mvua za Rungwe wiki mbili zinatosha likuotee hadi mlangoni. Kwa hiyo Atupele anaung'oa mzima, anauanika juu ya bati mpaka ukauke, kisha anauchoma. Kwa miaka kumi na moja tangu aolewe katika kijiji cha Lupepo, bustani yake ya nyuma ya nyumba ilikuwa safi kuliko sebule za watu. Hilo alilijua, na alipenda wengine walijue.

Bustani hiyohiyo ndiyo iliyomtia aibu mwaka huu.

Ijumaa moja alipulizia nyanya zake dawa ya ukungu, maana mvua ilikuwa haikatiki. Jumatatu asubuhi alizikuta zimepinda shingo, majani yamejikunja, mashina yamevimba na kupasuka. Tuta zima, lote, pamoja na maharage yaliyokuwa pembeni. Kilichobaki kimesimama wima, kibichi na chenye afya, kilikuwa ni kipande cha sangari kilichokuwa kinaingia kutoka njiani.

Hakuhitaji kuambiwa na bwana shamba. Dawa inayoua jani pana na kuliacha jembamba ni dawa ya magugu ya kwenye mahindi, na nyanya ni jani pana. Alilifungua bomba la kupulizia, akainamisha pua. Harufu ilimpanda mpaka kichwani. Mtu alikuwa amelitia bomba dawa ya magugu na kulirudisha bila kuliosha, na yeye kwa mkono wake mwenyewe akamwagia nyanya zake masalia yale.

Na mtu huyo alimjua. Hapo ndipo hasira ilipomkaba.

Bomba lilikuwa la kikundi chao, akina mama kumi na wawili wanaolitumia kwa zamu. Mwenyekiti wao, Mwantum, fundi cherehani ambaye babu yake alikuja Tukuyu akitokea Kilwa na mzigo wa vitambaa, aliwawekea masharti matatu. Dawa ya magugu isiingie humo hata tone. Bomba lisiazimwe nje ya kikundi. Ukimaliza, osha mara tatu kwa sabuni. Zamu ya Atupele ilipofika, mama mkwe wake, Esnath, alikuja jioni akasema mzee anaomba bomba.

Mzee ni Abrahamu, baba yake Godwin, mume wa Atupele. Siku hizi wako wakwe wanaopeana mikono na hata kupigiana simu, lakini ukoo ule haujafika huko. Atupele akimwona baba mkwe wake njiani, anakatiza migombani. Jina lake halitaji. Hajawahi kula naye wala kumtazama usoni, na katika miaka yote kumi na moja hawajasemezana hata neno moja. Salamu anazipeleka Esnath, na majibu anayaleta Esnath. Kwa hiyo Atupele hakuweza kumuuliza mzee bomba ni la dawa gani, na kumnyima baba mkwe ndiyo kabisa, haikuwezekana. Alivunja sharti la kikundi, akalitoa. Alimsisitizia Esnath mara mbili: mwambie aoshe, mama, aoshe kwa sabuni.

Jumatatu ile alimwendea Esnath akamuuliza kama alimwambia. Esnath aliinamia ungo wake wa maharage.

"Nilimwambia," alisema. "Akasema bomba si sufuria."

Bomba si sufuria! Na mzee huyohuyo ni mzee wa kanisa, kila Jumapili anasimama mbele ya watu kuwahimiza wasafishe mioyo yao. Nyani haoni kundule.

Watu nao wana midomo. Kabla jua halijazama, Prisca, mwanakikundi mwenye bustani ya jirani, alishachungulia juu ya ua na kuona. Kufikia Jumanne ilikuwa inasemwa kisimani na sokoni kwamba Atupele yule anayejidai kung'oa kwa vidole, kumbe anapulizia magugu kwa siri usiku, na safari hii amekosea dawa. Walicheka. Walisema ndiyo maana bustani yake ilikuwa inang'aa vile. Miaka kumi na moja ya magoti kwenye tope, kucha zilizokatika, mgongo unaouma kila masika, yote yakageuzwa uongo kwa siku moja.

Jumatano Mwantum alikuja mwenyewe. Hakufoka. Alieleza kwamba wenzake wanaogopa bustani zao, na kwamba Jumamosi saa nane kikundi kitakutana nyumbani kwake kuamua kama Atupele aendelee kuwa mwenzao au atoke. Akamuuliza, kama rafiki, ni nani aliyetia dawa ile. Atupele kosa la kuazima alilikubali palepale na akasema yuko tayari kuadhibiwa. Jina hakulitaja. Mkwe gani anasimama mbele ya wanawake kumi na mmoja kumshitaki baba wa mumewe?

Alimgeukia Godwin, mumewe, aliporudi na bodaboda yake kutoka Isongole. Huyo ni mtoto wa mzee, angeweza kwenda kusema naye. Godwin alivua kofia, akaisugua muda mrefu kwa kitambaa.

"Mama Lusungu, yule ni baba," alisema. "Nikamseme baba kwa ajili ya nyanya?"

Atupele alimwekea chakula, akatoka, akaenda kusimama bustanini akiwa amekunja ngumi. Si nyanya, alisema peke yake. Nani amezungumza habari ya nyanya? Nyanya zinapandwa tena. Alitamani kuvunja kitu, na hapakuwa na cha kuvunja isipokuwa vijiti vya kuegeshea mimea iliyokwisha kufa.

Ijumaa, kumekucha tu na ukungu bado umelala migombani, alisikia jembe bustanini kwake. Alichungulia kutoka mlango wa jiko. Mzee Abrahamu alikuwa pale, na koti lake la kanisani na mabuti ya mpira, analima. Alikuwa ameshang'oa nyanya zilizokufa na kuzirundika vizuri pembeni, na sasa alikuwa anashughulikia sangari.

Atupele alielewa. Ile ilikuwa toba. Mzee alikuwa tayari kulima mpaka mgongo ukatike, mradi tu asifungue kinywa. Na desturi ilimtaka Atupele arudi ndani na kungoja hadi aondoke, yaani azuiwe kuingia bustanini mwake na mtu yuleyule aliyeiua.

Pengine angengoja. Lakini mzee alikuwa anakatakata. Aliinua jembe, akalishusha, na kila aliposhusha, mizizi ya sangari ilikatika vipande na kuzikwa tena kwenye udongo laini. Toba yenyewe ilikuwa inampandia magugu.

Atupele alitoka. Alivuka ua bila kukatiza popote, akasimama hatua tatu kutoka kwake.

"Baba, sangari haikatwi," alisema. "Inang'olewa."

Mzee alishtuka kama aliyeguswa na moto. Aligeuzia uso migombani upesi, kama desturi inavyodai, akabaki amempa mgongo. Atupele alifikiri ataondoka. Lakini mzee aliweka jembe chini, akapiga magoti polepole, kwa shida ya umri, na kuanza kuufuata mzizi kwa vidole. Ulikuwa mrefu. Ulipotoka wote, aliendelea kuushika.

"Bomba nilikuwa nalo mimi," aliuambia udongo. "Sikuliosha."

"Najua, baba. Nimejua tangu Jumatatu." Atupele alisema. "Wasiojua ni akina mama wa kikundi. Kesho wananitoa."

Mzee alinung'unika kwamba ni vigumu, mzee wa kanisa kwenda kusimama mbele ya wanawake kwa habari ya bomba. Labda Esnath angefikisha ujumbe.

"Mtume mama tena," Atupele alisema. "Ndivyo nyanya zilivyokufa."

Mzee, mzizi ukiwa bado mkononi, alijiinua kwa kushikilia mpini wa jembe. Tope lilikuwa limemshika hadi mapajani, na pindo la koti la kanisani lilikuwa limelowa. Hakuelekea nyumbani kwake. Alishika njia ya juu, inayopita nyumbani kwa Prisca na kuishia kwa Mwantum, na hakungoja kesho wala hakunawa mikono.

Atupele hakumsindikiza kwa macho. Alilisukuma jembe pembeni kwa mguu, akapiga magoti na kuanza kuokota vipande vya sangari vilivyokatwa, kimoja kimoja, akivitia kwenye ndoo. Vilikuwa vingi mno. Bado alikuwa na hasira, na hakuacha hata kimoja.